Mbwa wako anajikuna usiku kucha: Najisi si kisingizio cha kumtelekeza

Na Afisa Tabibu, Holili



Wapo watakaosoma kichwa cha makala hii na kujiuliza: gazeti la Waislamu na ugonjwa wa ngozi ya mbwa, wapi na wapi? Naomba subira kidogo. Hapa kwetu Holili, mpakani mwa Tanzania na Kenya, nyumba nyingi za Waislamu zina mbwa. Hatumfugi kwa mapambo wala kwa kumbeba mikononi. Tunamfuga kwa sababu tuna mbuzi na ng'ombe zizini, tuna mahindi na alizeti shambani, na tuna maduka na maghala kando ya barabara ya kwenda Taveta ambako magari hayalali. Mbwa wa namna hiyo, wa ulinzi wa mifugo na mazao, na yule wa kuwindia, sharia imetupa ruhusa naye. Aliyetahadharishwa kwamba ujira wake hupungua kila siku ni yule anayefuga mbwa pasipo haja.

Hoja yangu leo ni kwamba ruhusa hii tumeichukua nusu. Tumechukua manufaa ya mbwa, tukaacha haki zake. Mbwa anajikuna mpaka anatoka damu, analamba miguu mpaka manyoya yanaisha, na mwenye nyumba anapita pembeni akiinua kanzu yake, akisema, "Huyo ni najisi, tutamgusaje?" Kwa maoni yangu, na nazungumza kama mtu niliyesoma madrasa kabla ya kusoma utabibu, jibu hilo halina mguu wa kusimamia katika dini wala katika afya. Na wanaolipia gharama yake ni watoto wetu.

Tuanze na dini

Kwa madhehebu ya Imam Shafii, ambayo wengi wetu tunaifuata, mbwa ni najisi nzito. Kitu kilichoguswa na mate yake, au na mwili wake kukiwa na majimaji, huoshwa mara saba, mojawapo kwa maji yaliyochanganywa na udongo. Hilo halina mjadala kwetu, ingawa wanavyuoni wa madhehebu ya Imam Malik wanaona vingine kuhusu mwili wa mbwa hai. Lakini hapo hapo wanavyuoni wetu wametufundisha kwamba kikavu kikigusana na kikavu, najisi haihami. Na hata ikihama, najisi ni jambo la kuosha. Haikuwa kamwe amri ya kumwacha kiumbe aoze akiwa hai.

Tena tunaijua sote habari ya yule mtu aliyemkuta mbwa akila udongo wenye unyevu kwa kiu. Alishuka kisimani, akajaza maji kiatu chake, akamnywesha, na Mwenyezi Mungu akamsamehe madhambi yake. Masahaba walipouliza kama kweli kuna malipo kwa ajili ya wanyama, Mtume (s.a.w.) aliwajibu kuwa katika kila chenye uhai kuna malipo. Na tunaijua habari ya yule mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka aliyemfungia, hakumlisha wala hakumwachia ajitafutie. Sasa tujiulize: mbwa tuliyemfunga mnyororo mchana kutwa, hawezi kukimbia wala kujitafutia, yuko karibu zaidi na habari ipi kati ya hizo mbili?

Kwa nini anajikuna na kujilamba

Mbwa hana mikono. Kucha, meno na ulimi ndiyo vifaa vyake vyote vya matibabu. Kujilamba kidogo ni usafi wake wa kawaida. Lakini akijilamba au kujikuna mpaka anaacha kula, anaamka usiku, manyoya yananyonyoka au ngozi inakuwa nyekundu na yenye unyevu, hapo anakwambia anaumwa. Sababu ni nyingi, na mahali anapojikuna hutoa dalili nzuri ya chanzo.

Ya kwanza ni viroboto. Mbwa mwenye viroboto hujitafuna zaidi mgongoni kwa nyuma, karibu na shina la mkia, na mapajani. Wapo mbwa ambao miili yao haivumilii mate ya kiroboto, hivyo viroboto wachache tu wanatosha kumkosesha usingizi. Jambo ambalo watu wengi hawalijui ni kwamba viroboto unaowaona juu ya mbwa ni sehemu ndogo tu ya kundi zima. Jike hutaga mayai kwa makumi kila siku, mayai huanguka chini, na wadudu wachanga hukua kwenye vumbi, kwenye magunia anayolalia na kwenye nyufa za sakafu. Ukimtibu mbwa ukaacha malalo yake, umefanya kazi nusu, na baada ya wiki chache utarudi pale pale.

Ya pili ni kupe. Kupe wa mbwa hupenda masikio, shingo na katikati ya vidole. Akishashiba hushuka na kujificha kwenye nyufa za ukuta, na jike mmoja anaweza kutaga mayai elfu kadhaa. Mbali na muwasho, kupe huyu humwambukiza mbwa magonjwa ya damu. Ukiona mbwa wako ana homa, amepauka ufizi na amekonda, usiseme amezeeka. Huenda ni kupe.

Ya tatu, na ndiyo inayonihusu zaidi mimi kazini kwangu, ni upele unaoletwa na utitiri, mdudu mdogo asiyeonekana kwa macho anayechimba ndani ya ngozi. Huanzia kingo za masikio, viwiko, visigino na tumboni. Ngozi hufanya ukoko, manyoya huisha, na mbwa hujikuna bila kupumzika. Huu huambukiza mbwa mwingine upesi. Kuna aina nyingine ya utitiri ambayo huwapata zaidi watoto wa mbwa na wale walio dhaifu, hunyonyoa manyoya usoni na miguuni, mara nyingi bila muwasho mkali mwanzoni, na hiyo haiambukizi watu. Kuzitofautisha kunahitaji mtaalamu akwangue ngozi kidogo na kuitazama kwenye hadubini.

Ya nne ni funza. Mbwa anayelamba nyayo na katikati ya vidole muda wote, mtazame kwanza kama ana funza au mwiba. Funza si mwenyeji wa Afrika. Aliletwa na meli kutoka Amerika ya Kusini hadi Angola mwaka 1872, akaenea bara zima kwa nyayo za wasafiri, na kabla ya karne ile kwisha alikuwa ameshafika Zanzibar. Hupenda udongo mkavu wenye vumbi, na sisi wa tambarare ya Rombo vumbi tunalo la kutosha wakati wa kiangazi. Mbwa mwenye funza ni shamba la funza. Utawatoa watoto funza kwa pini leo, wiki ijayo watakuwa nao tena, kwa sababu mayai yanaanguka pale anapolala mbwa.

Ya tano ni minyoo na tezi za nyuma. Mbwa anayelamba sehemu ya haja kubwa au kuburuta makalio chini huenda ana tegu, au tezi zake za pembeni zimeziba. Aina moja ya tegu humpata mbwa kwa kumeza kiroboto wakati akijilamba. Vipande vyake huonekana kama punje za mchele kwenye manyoya ya mkiani. Mtoto mdogo anayechezea chini akimeza kiroboto kwa bahati mbaya, naye anaweza kuupata.

Ya sita ni chakula. Mbwa anayelishwa pumba na ugali mtupu mwaka mzima hapati protini, mafuta wala madini ya zinki ya kutosha, na ngozi yake hukauka, hupukutika magamba na kuwasha. Wapo pia wenye mzio wa chakula fulani, wa vumbi au wa chavua ya majani, ambao hulamba nyayo na kuugua masikio mara kwa mara. Ukiona muwasho unakuja kila msimu ule ule wa mwaka, fikiria mzio.

Ya saba ni choa, ambayo wengine huiita mashilingi. Hii ni fangasi. Manyoya hutoka kwa miduara, wakati mwingine bila muwasho mkubwa, na huambukiza watu, hasa watoto.

Ya nane ni maumivu na upweke. Mbwa anayelamba kiungo kimoja tu, mfano goti, huenda kiungo kile kinamuuma ndani. Na mbwa aliyefungwa mnyororo mahali pamoja siku nzima, bila kutembea, huweza kulamba mguu wake mpaka ukafanya kidonda, kwa kukosa tu jambo la kufanya. Dawa yake si ya kununua duka la pembejeo. Dawa yake ni kumfungua.

Iliyo hatari kuliko zote

Nimeiacha ya mwisho ili ikae akilini. Ugonjwa wa kichaa cha mbwa unaweza kuanza na muwasho. Pale alipoumwa na mbwa mwenye ugonjwa, wiki au miezi iliyopita, panaweza kuanza kuwasha au kufa ganzi, na mbwa akapatafuna na kupalamba bila kukoma. Hata binadamu huanza hivyo hivyo, kwa muwasho na ganzi kwenye kovu. Kwa hiyo mbwa anayetafuna sehemu moja, na hapo hapo amebadilika tabia, amekuwa mkali au mpole kupita kawaida, anadondosha mate, sauti imebadilika, hawezi kumeza, usimkaribie wala usimfungue mdomo kutafuta mfupa. Watenge watoto, mpigie simu ofisa mifugo.

Makadirio ya kimataifa ni kwamba ugonjwa huu huua watu wapatao 59,000 duniani kila mwaka, karibu wote Afrika na Asia, na takriban wote kwa kuumwa na mbwa. Dalili zikishaanza, takriban hakuna anayepona. Lakini chanjo baada ya kuumwa, ikitolewa mapema, inaokoa. Na si kuumwa tu. Mate ya mbwa mgonjwa yakiingia kwenye kidonda, jicho au mdomo, hatari ni ile ile. Mtoto mwenye vidonda vya kujikuna akilambwa na mbwa mgonjwa, huyo anahesabiwa kama aliyeumwa, na anatakiwa kupata chanjo.

Hapa kuna jambo moja nataka walimu wa madrasa wanisaidie kulifikisha. Mtu akiumwa na mbwa, wapo wanaokimbilia kutia udongo kwenye jeraha wakidhani wanatimiza tahara. Huo ni mlango wa pepopunda. Jambo la kwanza ni kuosha jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa muda wa dakika 15, kisha kwenda kituo cha afya siku hiyo hiyo. Uhai unatangulia. Tahara ya jeraha muulize mwalimu wako ukishatoka kutibiwa. Sharia yetu haimbebeshi mgonjwa jambo la kumdhuru. Na hata unapoosha chombo kwa udongo, chukua udongo safi. Udongo wa pale anapojisaidia mbwa si tohara, tena una mayai ya minyoo.

Mbwa akiumwa, nyumba inaumwa

Wapo watakaosema ngozi ya mbwa ni kazi ya bwana mifugo, tabibu wa watu inamhusu nini. Inanihusu sana. Analetwa mtoto ana vipele vidogo vinavyowasha kiunoni, mikononi na tumboni. Mama amekwishanunua dawa ya kupaka, akapata nafuu siku mbili, vikarudi. Nikiuliza kama nyumbani kuna mbwa anayejikuna, mara nyingi jibu hulichelewesha aibu. Muislamu hapendi kusema mtoto wake anamshika mbwa. Lakini mtoto ni mtoto. Mbwa ndiye anayemsindikiza kuchunga mbuzi, tena hata asipomgusa, amekaa kwenye gunia lile lile.

Utitiri wa mbwa haukai sana kwenye ngozi ya binadamu, kwa hiyo vipele hivyo huisha vyenyewe mara mbwa anapotibiwa. Asipotibiwa, mtoto ataendelea kupata utitiri mpya kila siku, na dawa zote utakazompaka ni kama kuteka maji kwa pakacha. Huo ni tofauti na upele wa binadamu, ambao huenda kwa mtu na mtu na unataka kutibu nyumba nzima kwa wakati mmoja. Kwa hiyo mama, ukija zahanati, sema ukweli kuhusu mbwa. Hakuna atakayekuhukumu, na mtoto atapona upesi.

Tusitibu kwa sumu

Nimeona mbwa waliopakwa oili chafu ya gari. Nimeona waliomwagiwa mafuta ya taa, na waliooshwa kwa dawa ya kuogeshea ng'ombe iliyokorogwa kwa kukisia. Oili na mafuta ya taa huunguza ngozi, na mbwa huyalamba yote. Dawa ya josho ina kipimo chake. Ikizidi, mbwa hutetemeka, hutoka povu na kufa, na aliyeikoroga kwa mikono mitupu naye hudhurika. Vivyo hivyo sindano ya minyoo ya ng'ombe: kipimo cha ng'ombe si cha mbwa, na wapo mbwa ambao dawa ile huwapiga kichwani. Kumtia kiumbe sumu kwa kukisia halafu tukasema "ilikuwa ajali yake" si jawabu la kupeleka mbele ya Mola wetu.

Njia iliyo sawa si ngumu. Mwite ofisa mifugo wa kata au daktari wa mifugo amtazame mbwa, atoe dawa kwa uzito wake, na arudie kwa muda atakaosema, kwa sababu dawa ya mara moja mara nyingi haimalizi mayai. Watibu mbwa wote wa nyumba siku moja. Choma magunia ya zamani, fagia banda, mwagia maji ya moto kwenye nyufa, na banda liwe nje, mbali na mlango na vyombo vya maji. Mpe mabaki yenye dagaa au mfupa wenye nyama, siyo pumba peke yake, na maji safi kwenye chombo chake mwenyewe kisichoingia jikoni. Anayemshughulikia awe mtu mzima, avae glovu au mifuko ya nailoni mikononi na nguo ya kazi. Akimaliza, aoshe kwa sabuni kwa ajili ya vijidudu, na kwa utaratibu wa mara saba kwa ajili ya Swala yake. Hapo dini na afya zimekutana, na hakuna iliyopoteza.

Kuhusu gharama

Najua kinachofuata: "Pesa ya kumtibu mtoto hatuna, ndiyo itakuwa ya mbwa?" Hoja hii naiheshimu, kwa sababu naijua hali ya watu wetu. Lakini tuifanyie hesabu. Nauli ya kwenda zahanati mara tatu kwa vipele visivyoisha, dawa za kupaka, siku ambazo mama hakwenda sokoni, vyote hivyo ni pesa, na chanzo bado kiko uani kinajikuna. Na mmoja akiumwa na mbwa asiyechanjwa, safari za kufuata sindano Mkuu au Moshi zitazidi gharama ya kumchanja mbwa mara nyingi mno.

Tena tunaweza kusaidiana. Nyumba tano au sita za mtaa mmoja zikimwita ofisa mifugo siku moja, mzigo unagawanyika. Misikiti yetu ina vipaza sauti vinavyotangaza misiba na harusi. Inashindwa nini kutangaza siku ya chanjo ya mbwa baada ya Swala ya Ijumaa? Hapa mpakani mbwa hawana pasi ya kusafiria. Wa upande huu na wa Taveta wanakutana usiku na kupeana viroboto, upele na kichaa. Kumchanja mbwa wako na kumzuia asizurure ni haki ya jirani yako pia, awe Muislamu au asiwe.

Na kama mtu ameona kweli hawezi, hana pesa, hana nafasi wala moyo wa kumtazama mbwa, basi asifuge. Hiyo ni heshima zaidi kuliko kufuga na kutesa. Hata nchi yetu ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, inayokataza kumtesa mnyama. Sisi tulipaswa kuwa mbele ya sheria hiyo, maana mafundisho yetu yameitangulia kwa zaidi ya miaka elfu moja na mia tatu.

Nawaomba wazazi jioni ya leo mtoke uani, mumtazame huyo mlinzi wenu kwa dakika mbili tu: masikio, mkia, nyayo, tumbo. Mkiona upara, ukoko au damu, kesho asubuhi mtafuteni bwana mifugo. Na walimu wangu wa madrasa, mnapowafundisha vijana mlango wa najisi na kuosha mara saba, tafadhali msifunge kitabu kabla ya kuwasimulia habari ya yule aliyeshuka kisimani.

Wabillahi tawfiq.